Diski Iliyotangulia Kutoka

Mpima ardhi aliamshwa na mlio. Haukuwa wa simu wala wa gari la mtaani. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, usiochoka, na ulitoka koridoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipapasa magongo yake pembeni ya kitanda, akayaangusha, akayatukana, akayaokota. Tangu nyonga yake ivunjike, kila jambo dogo katika nyumba ile lilikuwa na tusi lake.

Seva yake, kompyuta ya kutunzia kazi zake zote, ilikaa koridoni, kati ya kabati la viatu na mlango wa choo, kwa sababu kodi ya ofisi ilishamshinda na vitu vyote vya kazi vikahamia nyumbani. Ilikuwa mashine kuukuu, nzito, aliyoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Mbele yake zilijipanga diski nne kama droo ndogo, kila moja na mshikio wake na taa yake. Siku zote taa hizo zilikuwa za kijani. Sasa zote zilikuwa za rangi ya chungwa.

Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akaizima, akaiwasha tena.

Mlio ulikoma. Kwenye skrini yakatokea maandishi meupe yaliyosema kwamba diski zote nne ni ngeni, mashine haizitambui. Ikauliza: ifute alama zao, au iziingize? Mpima aliyasoma, akayasoma tena. Kufuta kulimpendeza, maana alidhani kinachofutwa ni huo ugeni tu, kama mtu anavyofuta vumbi mezani.

"Futa basi, tufanye kazi," aliiambia mashine, akainua kidole.

"Baba watoto, ngoja kwanza!" Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, bado na sare ya zahanati alikokuwa karani wa mapokezi, mkoba begani. "Unafuta nini?"

"Mashine imepata wazimu."

"Hebu tumpigie mdogo wangu."

"Mdogo wako!" Mpima alicheka bila kufurahi. Mdogo wake mkewe alikuwa fundi wa seva katika kampuni moja kubwa, na mpima alikuwa hajamsemesha tangu siku ile fundi alipomwambia mbele ya wageni kwamba anunue diski ya pembeni ya kutunzia nakala. Naye alimjibu, wageni wakacheka: kama diski nne hazitoshi, shemeji, basi ya tano nayo, huko pembeni, itakufa kwa upweke.

Mke alishapiga, akasoma yaliyoandikwa kwenye skrini. Sauti kwenye simu haikusalimia sana.

"Dada, mwambie asibonyeze kitu chochote. Chochote kile. Nakuja."

Mpima alishusha kidole. Alijua kilichomo ndani ya diski zile kuliko alivyojua kilichomo nyumbani mwake. Lilikuwemo bonde zima. Alilipima kwa miguu misimu miwili ya kiangazi, kigingi kwa kigingi, mpaka siku alipoteleza kwenye ukingo wa mfereji na nyonga ikaenda. Chombo cha kupimia kilikuwa cha kukodi, kilisharudishwa na kumbukumbu yake ikafutwa. Ramani zilitakiwa ofisi ya ardhi kesho asubuhi. Zisipofika, bonde litakabidhiwa kwa mpima mwingine, na yeye hatalitembea tena. Daktari alimwambia hivyo kavukavu, akimwangalia machoni.

"Nani kagusa mashine yangu?" aliuliza, na nyumba nzima ikasikia.

Jikoni, mama yake alikuwa anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama, umemwona mtu huku koridoni?"

"Mimi hata sipiti huko, mwanangu," alisema mama, mgongo kwa mlango.

Nisimsumbue msomaji kwa kubahatisha: ni yeye. Mama huyu alisafisha nyumba za watu maisha yake yote, na tangu aletwe kukaa kwa mwanawe hakuna aliyemwachia kazi. Kila akishika ufagio alinyang'anywa kwa heshima. "Pumzika, mama." Akapumzika mpaka akaanza kuona aibu kuchota chakula. Mchana ule, mwanawe amelala kwa dawa za maumivu, aliona vumbi kwenye ile mitambo ya koridoni, akavuta kigoda, akaketi. Akaona mishikio. Kwa macho yake zile zilikuwa droo, na droo huchomolewa ikapigwa kitambaa. Alichomoa moja, akaifuta kwa kitambaa kibichi, akaiweka dirishani ikauke. Wingu likatanda. Akakumbuka nguo kwenye kamba, akaenda kuanua, akazikunja moja moja bila haraka. Aliporudi akairudisha ile iliyokauka, akafuatia ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja akiifuta upesi na kuirudisha. Ndipo mashine ikaanza kulia, naye akakimbilia jikoni kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mashine muda wote huo ilikuwa inawaka. Mpima kabla ya kulala alikuwa ameiachia kazi ya kuunganisha vipande vyote vya bonde kuwa ramani moja.

*

Fundi alifika na begi la mgongoni. Alimsalimia mama kwa kupiga goti, akamkumbatia dada yake, kisha akasimama mbele ya mpima.

"Pole na mguu, shemeji."

"Asante. Karibu. Samahani kwa… hapa pamebanana."

Pamebanana ni kusema kwa adabu. Ili fundi apate pa kukaa, ilibidi mpima aondoe mwenyewe ndoo ya nguo chafu, akiisukuma kwa gongo, chupi zake zikiwa juu juu. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Fundi alipiga magoti kwenye saruji, akasoma skrini kwa muda mrefu.

"Hukubonyeza kitu?"

"Niliizima tu na kuiwasha."

"Hukufuta?"

"Nilitaka. Dada yako akanizuia."

Fundi alishusha pumzi. "Mshukuru. Ungefuta, mashine ingesahau jinsi diski hizi zilivyogawana kazi. Data ingekuwepo humo humo, lakini kuipata ni kuanza kuhangaika mlango kwa mlango."

"Kwa hiyo ipo?"

"Bado ipo, shemeji. Tatizo ni namna ya kuirudisha." Aligeuka ili na dada yake asikie. "Chukulia watu wanne wamebeba kitanda cha mgonjwa. Mmoja akiachia, watatu wanaendelea kubeba, wanaendelea kutembea. Wa pili akiachia, kitanda kinakaa chini. Hicho ndicho kilichotokea. Mtu amezichomoa hizi mashine ikiwa inawaka, moja baada ya nyingine."

"Si zipo zote sasa? Waambie wabebe tena."

"Yule aliyeachia kwanza alibaki nyuma. Hajui wenzake walifika wapi. Nikimwingiza na wenzake kama hakuna kilichotokea, atavuta kurudi alikotoka, na mashine itaanza kusahihisha. Itasahihisha juu ya ramani zako." Alizigonga diski kwa ukucha, moja moja. "Lazima nimjue huyo, nimwache nje. Watatu waliobaki ndio wana safari yote."

"Mashine yenyewe haijui?"

Fundi alisita, kwa huruma. "Ilikuwa inajua. Ila betri ya kadi inayoziongoza diski ilishakufa zamani. Ulipoizima, ikasahau."

Mpima alikaa juu ya kabati la viatu. Kabati lilipiga kelele.

"Hatuwezi kuzinakili kwanza, tujaribu kwenye nakala?" aliuliza mke.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa, dada. Kwa ukubwa huu na vifaa nilivyo navyo, ni siku kadhaa. Shemeji anatakiwa kesho."

Kisha mpima akalipuka.

"Nani? Nauliza kwa mara ya mwisho, nani kaingiza mkono wake humu? Nyumba hii ina watu wazima watatu. Mjinga gani anachomoa chuma kinachowaka taa? Hata kuku ana akili ya kukaa mbali!"

Mke aliangalia jikoni. Kutoka pale aliposimama alimwona mama mkwe ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama, na begani amejitupia kitambaa cha vumbi. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amechoka. Tangu asubuhi alikuwa ametukanwa na wagonjwa kwa foleni ambayo si yeye aliyeipanga, na tusi moja zaidi halikuonekana kwake kuwa mzigo mkubwa. Mama ana umri wa kuangushwa na neno. Yeye hana.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Nilipita mchana kuchukua miwani. Nikaona vumbi. Nikafuta."

Ni kweli alikuwa amepita mchana, na miwani ilikuwepo kwenye mkoba. Uongo wake ulipata pa kuegemea.

Mpima alisimama bila magongo, akashika ukuta.

"Wewe! Wewe unayejua kazi hii imenila mguu! Kwenu mnafundishwa nini? Mnagusa tu vitu vya watu? Miaka yote hii nalisha mtu, nikidhani nina mwenzangu. Ningeoa gogo! Wallahi ningeoa gogo ningepata faida. Gogo ukiliweka mahali linakaa!"

Alisema yote hayo mbele ya mdogo wake mkewe, kwa sauti ya kufika kwa majirani. Fundi aliangalia sakafu. Neno "kwenu" lilimgusa na yeye, maana kwao na kwa dada yake ni kumoja. Uso wa mke ulikuwa ule ule anaouvaa mapokezi, uso wa "subiri zamu yako".

"Dada," fundi alisema polepole, "ulianza na ipi?"

"Eh?"

"Kuchomoa. Ipi ilitoka kwanza?"

Mke aliziangalia zile droo nne. Alidhani anaulizwa kama mshitakiwa anavyoulizwa, ili kosa liandikike vizuri.

"Hii ya kushoto," alisema. Watu wengi huanza kushoto.

"Una uhakika?"

"Si nimeshasema?"

Fundi alitoa utepe wa gundi, akabandika kipande kwenye diski ya kushoto.

*

Mke aliingia jikoni akajaza maji kwenye birika, ili awe na sababu ya kuwa kule. Mama mkwe alimshika mkono.

"Mwanangu, kwa nini umejitwisha?"

"Yaishe, mama."

"Amekuita gogo."

"Amechanganyikiwa. Atapoa."

"Mbele ya mdogo wako amekuita gogo."

"Mama, tafadhali. Akijua ni wewe, hata kama hatasema kitu, atakuwa anakuangalia. Nakujua, hutakula hapa tena. Utafunga mzigo wako. Basi yaishe, mimi nimezoea."

Mama alimwachia mkono. Katika maisha yake alisingiziwa vijiko, sabuni, hereni, na kila mara alijitetea mpaka sauti ikamkauka. Hajawahi hata siku moja kubebewa kosa lake na mtu mwingine. Hakujua la kufanya nalo. Alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimtia kinyaa.

"Umewaambia umeanza na ya kushoto," alisema.

"Nimesema tu. Kwani kuna tofauti?"

Sauti ya fundi ilitoka koridoni. "Shemeji, nimeichomoa hii ya kushoto. Naziingiza hizi tatu. Nataka uelewe kabla sijabonyeza: tukikosea hapa hatuna njia ya kurudi nyuma. Nibonyeze?"

Birika lilikuwa halijaanza hata kuunguruma. Mke alimwangalia mama, na mama akaona uso wa mkwewe unabadilika. Ndipo wote wawili walipoelewa kwamba swali lile halikuwa la kutafuta wa kulaumiwa.

Mama angeweza kunyamaza bado. Wazo hilo lilimpitia, na si haki kulificha. Ramani zingepotea, kosa lingebaki kwa mkwe, na yeye angeendelea kuitwa mama kwa heshima ile ile. Alikuwa na muda wa pumzi moja.

"Bonyeza," alisema mpima.

"Usibonyeze!"

Mama alitoka jikoni akiwa na povu mkononi. Alipita katikati yao, akashika ukuta, akajishusha chini taratibu mpaka akafika sakafuni karibu na fundi.

"Mwanangu, usibonyeze. Siyo hiyo. Ni hii ya huku." Aliigusa ya kulia, ile iliyo karibu na mlango wa choo. "Nilikaa upande huu na kigoda changu. Nikaanza na iliyo karibu."

"Mama?" alisema mpima.

Mama hakumgeukia. Alizungumza na fundi, kwa sababu fundi hakuwa na hasira naye.

"Nikaifuta, ikalowa kidogo. Nikaiweka pale dirishani. Nikaenda kuanua nguo."

"Ulikaa sana huko kwenye nguo, mama?"

"Nilizikunja kabisa. Nikarudi nikaitia. Halafu hizi nyingine nilizitoa haraka haraka, moja, mbili, tatu, ikalia."

"Ile ya kwanza uliirudisha hapo hapo ilipokuwa?"

"Hapo hapo. Kitu cha mtu nakirudisha mahali pake."

Fundi alifikiri. Kisha akakibandua kile kipande cha utepe, akairudisha diski ya kushoto, akachomoa ya kulia na kuiweka kando juu ya begi lake. Aliisoma skrini kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Mpima alikuwa anatokwa jasho. Mke alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Naziingiza hizi tatu," fundi alisema. Hakuuliza tena. Akabonyeza.

Taa zikazimika. Zikawaka za chungwa. Kwa muda hapakutokea kitu, na mpima akaanza kusema ndani ya pumzi yake jambo ambalo huenda lilikuwa dua. Kisha ya kushoto ikawa ya kijani, na jirani yake, na ya tatu.

"Inachechemea, lakini inatembea," fundi alisema. "Msiguse. Bado sijaamini."

Aliyafungua mafaili kwa kuyasoma tu, bila kuiruhusu mashine kuandika chochote. Folda ya bonde ilikuwepo. Ndani yake vipande vyote, na chini kabisa ramani moja iliyounganishwa. Aliifungua. Ikajichora taratibu kutoka juu: barabara ya vumbi, mfereji, kisha mashamba, mamia ya mashamba madogo madogo, kila moja na mipaka yake. Kwenye ukingo wa mfereji palikuwa na kigingi ambacho mpima alikijua kuliko vyote. Alipokiona alifunika uso kwa kiganja, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, amekalia kabati la viatu.

"Nanakili kwanza," fundi alisema, akichomeka diski yake ndogo ya mkononi. "Ile ya nne hairudi mpaka nakala ziishe. Ikirudi, itarudi kama mpya, ifundishwe upya na wenzake. Na shemeji, safari hii diski ya pembeni utanunua."

"Nitanunua."

"Hii nakuachia, utanirudishia ukinunua."

"Mungu akubariki, shemeji. Yale niliyokwambia siku ile…"

"Yalipita."

Mpima alijifuta uso. Furaha ilimfanya mwepesi wa ukarimu, kama inavyowafanya wengi. Alimnyooshea mama yake mkono kumwinua sakafuni.

"Mama, na wewe usijali. Hukujua. Ni kosa la kibinadamu tu, ramani zimerudi, mambo yamekwisha. Nyanyuka ukae kwenye kiti."

Mama hakuupokea mkono.

"Niambie na mimi," alisema.

"Nikwambie nini?"

"Yale uliyomwambia mwenzio. Aliyefanya ni mimi, kwa hiyo ni yangu. Nipe."

"Mama, jamani, zilikuwa hasira."

"Hasira zimeisha, nipe bila hasira. Niambie kwetu nilifundishwa nini. Niambie unanilisha bure. Mwambie mama yako gogo lina faida kuliko yeye."

Fundi alianza kukusanya vitu vyake. "Nafikiri ningoje nje kidogo, nakala zikiendelea."

"Kaa, mwanangu," mama alisema. "Yalipotoka ulikuwepo."

Fundi akakaa. Mpima alifungua mdomo. Alimwangalia mama yake pale chini, mikono iliyokauka povu, kitambaa begani, akatafuta mahali pa kuanzia lile neno na hakupata. Lisingetoka. Hata angewekewa kisu shingoni lisingetoka.

"Siwezi kukwambia hivyo, mama."

"Huwezi."

"Siwezi."

"Na kwake uliwezaje?"

Mashine ilikuwa inavuma peke yake. Mpima aligeuka kumtafuta mkewe. Alikuwa bado mlangoni mwa jikoni, bado na sare, amejiegemeza kwenye fremu kama mtu anayengoja kuitwa jina. Ilimjia mpima kwamba tangu mkewe aingie nyumbani hakuna aliyemwambia pole na kazi.

"Mke wangu," alisema. "Nimekukosea. Umejibebea kosa lisilo lako, mimi nikakutukana na kwenu. Nimekukosea mbele ya mdogo wako na mbele ya mama. Nisamehe."

Wote watatu walimgeukia mke. Alikuwa na haki ya kusema neno lolote, na kwa sekunde chache ilionekana kama atalisema.

"Nimesikia," alisema. "Nimechoka. Naenda kulala kidogo."

Alipita kati yao, akiinua miguu juu ya nyaya ili asizikanyage, akaingia chumbani na kufunga mlango bila kuubamiza. Mpima alisimama nje ya mlango huo na magongo yake. Hakubisha hodi. Nyuma yake fundi alisema nakala zimefika nusu.